Mtihani wa Nasra: Wagonjwa wa Kisukari Walivyojibu Vizuri Kupita Kiasi

Jumamosi asubuhi, Nasra Mwinjuma anapiga hodi kwenye nyumba ya matofali mekundu, Troyeville, mashariki mwa jiji la Johannesburg. Ndani, cherehani inanyamaza.

"Karibu, mwana wangu," inaitika sauti. "Lakini leo usiniulize kitu. Nilisha kujibu mara mbili."

Ni sauti ya Mama Jeannine, mshonaji kutoka Uvira anayeishi na kisukari. Nasra anacheka, kisha uso unamshuka. Amekuja kwa sababu ya majibu hayohayo.

Nasra, mzaliwa wa Tanga, aliwahi kuuza nguo za mitumba. Sasa anazunguka nyumba kwa nyumba na dodoso la wagonjwa wa kisukari: wanakula nini, wanameza dawa vipi, wanaikagua miguu yao mara ngapi. Liliandikwa kwa Kiingereza, na kikundi cha watafiti kimelitafsiri kwa Kiswahili. Kabla halijapelekwa kliniki, ni lazima lijaribiwe. Kila mgonjwa huulizwa, na baada ya wiki mbili huulizwa tena yaleyale. Kama hali yake haijabadilika, majibu yanapaswa kukaribiana.

"Huku mtoto anayejua Kizulu kuliko Kiswahili ndiye anayemweleza daktari habari za mwili wa mama yake," anasema Nasra. "Mama ataficha mengi. Nani atamwambia mwanawe kila kitu?"

Majibu hayakukaribiana hata kidogo. Kati ya wagonjwa thelathini na wawili wa Troyeville, zaidi ya nusu walikiri mwanzoni kwamba huruka dawa au hawakagui miguu. Mara ya pili, karibu wote walikuwa mfano wa kuigwa.

"Dada Nasra, mtaa mzima umepona kwa wiki mbili?" aliuliza Dokta Luqman, Mmombasa anayeongoza utafiti huo.

"Hata mimi sielewi, dokta."

"Basi huenda dodoso letu ni bovu. Na likiwa bovu, tunaliacha."

Tangu siku hiyo Nasra hajui ashike lipi. Je, alisoma maswali vibaya? Walimdanganya? Au kweli walianza kujitunza?

Mama Jeannine anamkalisha kitini, kati ya vitenge ambavyo havijakatwa.

"Mama, nisaidie," anasema Nasra. "Mbona mlibadilisha majibu?"

"Eh! Si juu yako, kukusaidia?" Mama Jeannine anamshangaa. "Ulikuja, ukauliza, tukajibu. Halafu ukarudi na maswali yaleyale. Mtu akirudia kuuliza, si jibu la kwanza halikumfurahisha? Tukakutana kanisani kisha maombi kuisha, tukasema: mtoto wa watu atafukuzwa kazi juu yetu. Tumupatie majibu mazuri."

"Mlikaa kikao?"

"Kikao kabisa. Hata Papa Gaston, ule anayekunywa soda kila siku, tulimufundisha. Mtihani wako ulipita, mwana wangu. Mia kwa mia!"

"Eish, mama!" Nasra anashika kichwa. Hajui kama acheke au alie, ashukuru au agombe. Watu hawa walimpenda hadi wakaiharibu kazi yake.

Halafu anajikumbuka. Alielekezwa aeleze kwa nini anarudi. Lakini kwao Tanga, kumwambia mzee, "Nimekuja kuona kama maneno yako yanalingana," ni sawa na kumwita mwongo. Basi kwenye kila mlango alisema tu, "Nimerudi kidogo, mama."

Anampigia simu Dokta Luqman na kumweleza yote.

"Kwa hivyo dodoso si bovu?"

"Sijui, dokta. Nadhani hatujalijaribu bado."

Dokta anashusha pumzi. Wataanza upya, anasema, ila safari hii wataketi kwanza na wagonjwa wote kanisani, waelewe. Kama wafadhili watakubali, hilo hawezi kuahidi.

Nasra anainuka kuaga. Mama Jeannine anamvuta mkono.

"Ngoja. Niulize ile ya miguu."

"Leo sikuja kuuliza, mama."

"Uliza tu."

"Katika siku saba zilizopita, umeikagua miguu yako siku ngapi?"

Mama Jeannine anatazama kiatu chake cha kushoto, kile anachokanyagia pedali ya cherehani.

"Hata moja," anasema polepole. "Huu hausikii kitu tena. Naogopa kuuangalia."

Nasra anapiga magoti, anamvua kiatu. Chini ya kidole gumba kuna kidonda, na ndani ya kiatu sindano iliyovunjika.

Jibu hilo haliandiki popote. Mpango wake sasa ni mmoja: waende kliniki leo hii, na Nasra ndiye atakayemwelezea daktari kila kitu. Mengine, kanisa na wafadhili, yatafuata, anatumaini.

"Na siku utarudi kuniuliza tena?" anauliza Mama Jeannine akijifunga kitambaa kichwani.

"Kama bado ni hivyo, utasema ni hivyo."

"Na kama si hivyo?"

"Basi nitafurahi, mama. Lakini usinifurahishe bure."