Jina Nililolibuni kwenye Kichupa

Chumba cha friza hakikuwa na dirisha. Kilikuwa stoo ya hospitali ya misheni, upande wa Bumbuli, kabla mradi wa utafiti haujaleta friza mbili kutoka Dar es Salaam, miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuonekana tena madukani. Humo tulihifadhi damu za wajawazito wa milimani. Daktari alipima sehemu ya kila damu, na sehemu nyingine tukaigandisha ili watafiti waweze kuirudia hata miaka mingi baadaye, watakapokuwa na swali jipya. Mtunzaji wa hifadhi hiyo nilikuwa mimi, msichana niliyemaliza kidato cha nne na kujifunza kazi peke yangu, kwa kijitabu cha friza na kamusi iliyochanika.

Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa ugonjwa wowote. Rejista yangu haikuwa na mfuto hata mmoja. Ukurasa ukichafuka, niliuchana na kuuandika wote upya. Daktari aliwaonyesha wageni rejista hiyo. "Tazameni mwandiko huu," alisema siku moja, nami nikaishi wiki nzima kwa maneno hayo.

Fomu ilitaka majina matatu: la mama, la mumewe, la baba mkwe wake. Aliyeitunga hakuwa Msambaa. Kwetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe, hata akiwa peke yake shambani. Ukilihitaji, unamwuliza mtu mwingine, basi. Hilo nililijua tangu utoto.

Siku tuliyokwenda kijiji cha Mgwashi kuchukua damu, mvua ilikuwa inanyesha na dereva anatuharakisha, barabara isije ikakatika. Akafika mezani kwangu mama mmoja kijana, mimba yake ya miezi kama sita, amejifunga mtandio wa kijani. Alitaja jina lake. La mumewe akalitaja kwa sauti ndogo. Nilipouliza la tatu, akainamisha kichwa. Baba mkwe mwenyewe, balozi wa nyumba kumi, alikuwa hatua tatu kutoka mezani, akiwapanga watu kwenye foleni.

"Jina la babu wa mtoto," nikarudia.

"Wewe dada karani, mwenzio amekukosea nini?" mwanamke aliyekuwa nyuma yake akapaza sauti. "Nenda kaolewe kwanza, ndipo urudi kuuliza!"

Foleni nzima ikacheka, na balozi akajifanya hakusikia.

Ningemwuliza huyohuyo mwanamke, angenitajia. Lakini uso ulikuwa unaniwaka. Sikutaka kuchekwa tena, wala sikutaka nafasi tupu kwenye rejista. Nikaandika jina la kwanza lililonijia, kwa mwandiko mzuri, kisha nikalinakili kwenye lebo ya kichupa cha damu yake.

Wiki mbili baadaye vipimo vilionyesha kwamba mama mmoja wa Mgwashi alikuwa na ugonjwa ambao sindano chache zingeuponya, lakini ukiachwa ungeweza kumwua mtoto tumboni. Daktari alimtuma mhudumu wa maabara kwa pikipiki. Jioni mhudumu akarudi na matope hadi magotini.

"Akina mama wenye jina lake wako wanne," alisema. "Waume wenye jina la mumewe ndiyo usiseme. Ila huyo baba mkwe hayupo, wala hajawahi kuwapo kijiji kile."

Daktari akavua miwani. "Basi alitudanganya. Wanadhani tunauza damu zao."

Nilikuwa nimesimama palepale. Nilijua ni nani. Mtandio wa kijani niliuona mbele ya macho. Lakini mstari ule haukuwa peke yake. Nilikwisha kuziba nafasi nyingine kwa namna hiyo, sikumbuki ngapi. Nikisema, rejista yote inakuwa uongo, na mimi nje ya ule mwandiko sina kitu. Nikaingia chumba cha friza, nikafunga mlango, nikajifanya nasoma kipimajoto.

Nilikisoma siku mbili. Nakiri kwamba humo ndani niliomba Mungu iwe kweli yule mama alidanganya.

Siku ya tatu mhudumu alinitania mlangoni: "Yule muongo wako wa Mgwashi hajajitokeza tu?" Sikuweza kucheka. Nilichukua rejista nikaenda kwa daktari.

"Shikamoo, daktari. Yule mama hakudanganya. Nilidanganya mimi."

Hakufoka. Bora angefoka. "Mistari mingapi?"

"Sijui."

Akanisukumia kalamu nyekundu. "Weka alama kila unapokumbuka. Usipokuwa na hakika, weka vilevile. Hiyo ni ya baadaye. Sasa twende Mgwashi."

Tulimwulizia mkamwana wa balozi, tukamkuta bondeni akimwagilia kabichi pamoja na wifi yake. Nilimwuliza wifi jina la mzee.

"Si baba yangu? Mimi nani kanikataza?" Akalitaja.

Kisha nikamweleza mkamwana yote. Alinawa mikono mferejini, polepole.

"Kwa hiyo damu yangu imekaa kwenye barafu yenu na jina la mkwe nisiyemjua."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Wakasema mimi muongo?"

"Walisema. Nami nilikuwepo."

Akaenda kupanda gari letu. Njia nzima alikaa mbele na wifi yake, mimi nyuma, rejista magotini.

Hospitalini nesi aliandaa sindano, akamwuliza majina yake matatu. Akataja mawili. Kisha akageuka, akanitazama, akangoja.

Nikalitaja la tatu.