Ng'ombe Aliyenichagulia Chuo cha Udaktari

Wenzangu walichaguliwa vyuo na wazazi, wengine na mashangazi.

Mimi nilichaguliwa na ng'ombe. Usicheke kwanza, soma.

Naitwa Minza. Kwetu ni Nambilanje, Ruangwa. Wazee walihamia huku na mifugo kutoka kanda ya ziwa. Mwaka ule nilipata nafasi ya kusomea udaktari vyuo viwili, kimoja Mwanza, kingine Dodoma. Nilitakiwa nithibitishe kimoja tu, na ilikuwa imebaki siku moja.

Moyo wangu ulikuwa Dodoma.

Jioni hiyo akashuka kwenye bodaboda baba mkubwa Masumbuko, kaka yake baba, muuza mabati wa Mwanza mjini.

"Minza atasoma Mwanza," akasema hata maji hajamaliza kunywa. "Atakaa kwangu. Halafu kuna kijana wa jirani yangu, ana ng'ombe wengi huyo! Akimuoa mwaka wa kwanza, si binti anasoma huku ametulia?"

Nikachoka. Niolewe mwaka wa kwanza, mwaka wa pili nalea. Huo udaktari si nitausikia redioni?

Nikamtazama baba. Mzee Lubasha hajawahi kumkatalia kaka yake kitu tangu azaliwe. Akakuna kidevu, akaenda kulala.

Asubuhi, tukinywa chai ya rangi, akaja na jibu.

"Kaka, tufuate mila. Tuwape ng'ombe wawili majina ya vyuo. Atakayetangulia kurudi zizini jioni, chuo chake ndicho."

Mila gani tena hiyo? Maisha yangu yote sijaisikia.

Lakini baba mkubwa aliacha kuchunga tangu enzi za kaptula. Angekubali vipi mbele ya mdogo wake kwamba hajui mila? Akatikisa kichwa taratibu.

"Naam. Ndivyo marehemu babu alivyokuwa akifanya."

"Basi Mweusi ni Mwanza," baba akasema. "Madoa ni Dodoma."

Nikataka kulia. Mweusi alikuwa mwepesi, hashikiki. Madoa alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kulipa faini. Kaka yangu Shida akawaswaga malishoni, na ndoto yangu ikaondoka nao.

Mchana ndama mmoja akalia bandani mpaka nikamhurumia. Miaka sita nimekaa bweni Nachingwea, mambo ya zizi nilishayasahau. Nikaanza kumfungua kamba nimpeleke kwa mama yake.

"Minza!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Mwache ndama huyo! Unataka kuolewa?"

Sikuelewa ndama na kuolewa vinahusiana nini. Nikamwacha.

Jioni baba mkubwa akaweka kigoda mlangoni pa zizi, simu sikioni. "Jiandaeni," anawaambia watu wa Mwanza. Vumbi likatimka. Mbele kabisa, Mweusi!

Kimenuka. Baba mkubwa akasimama akipiga makofi.

Ndama akalia.

Madoa, aliyekuwa mkiani mwa kundi, akainua kichwa. Aisee, yule ng'ombe alitimua mbio sijawahi kuona! Akampiga kikumbo Mweusi, akapita na kigoda. Baba mkubwa aliruka juu ya miiba ya zizi, suruali ikabaki na dirisha.

"Mila ni mila," akasema kinyonge, akijichomoa miiba.

Nilipanda kichuguu, ndiko mtandao unakoshika, nikathibitisha Dodoma. Niliporudi baba alikuwa anamkamua Madoa.

"Baba, ulijuaje huyu atatangulia?"

"Ana ndama mchanga, kafungwa nyumbani. Na asubuhi sikumkamua. Hukuona mmekunywa chai ya rangi? Mwenye kuchunga angejua. Wewe na baba yako mkubwa mmekaa sana mjini."

"Na ile mila?"

"Nimeianzisha jana usiku."

Nilicheka, halafu nikalia palepale. Akanitazama, akashusha sauti.

"Kaka siwezi kumkatalia, mwanangu. Ng'ombe anaweza."

Sasa niko mwaka wa nne. Baba mkubwa bado anawasimulia watu wa Mwanza mila ile, na nasikia bintiye mdogo amechaguliwa shule kwa njia hiyohiyo, ila kwake walitumia kuku.

Nilichojifunza ni hiki: mzee wako akikaa kimya, usidhani amekubali. Huenda anatafuta ng'ombe.