Njano Inanukia Limau

Nitaanza na hasira, maana hata leo haijanitoka. Dada yangu alipika rangi kwenye jiko la shule ya chekechea kwa moyo wake wote, na mtu mmoja akaziharibu kwa jioni moja na chupa moja ya marashi. Halafu mnaniambia hasira hasara. Hasara ya nani? Yangu, au ya yule mtoto?

Dada ni mpishi. Mimi ni mfagizi wa shule hiyo hiyo. Tumbo moja, mwajiri mmoja, ila mdomo wote nilichukua mimi. Yeye ukimtukana anakuuliza kama umekula. Watoto wanamwita Mama Unga, kwa sababu ya udongo wa kuchezea anaowapikia. Si udongo wa shambani, ni unga wa ngano: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, maji ya moto na matone ya rangi ya keki. Anasonga juu ya moto mdogo hadi donge liachane na sufuria, kisha analikanda mezani likiwa bado linaunguza. Chumvi huwa nyingi makusudi, ili mtoto akilitia mdomoni aliteme papo hapo. Wanaviringisha nyoka, wanafinyanga vikombe, na vidole vinapata nguvu ya kushika penseli.

Zamani lilikuwa donge la rangi tu. Kisha akaja binti wa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ana miaka mitano, haoni tangu azaliwe. Tulimpa jina la Kasuku siku ya kwanza, maana aliongea kuanzia getini hadi chooni bila kupumzika. Siku moja wenzake waligombania donge jekundu, naye akauliza, "Jekundu likoje?" Mwalimu wa darasa akacheka, akamwambia acheze tu. Dada alikuwa dirishani na sinia la vikombe. Alisikia.

Wiki iliyofuata kila rangi ilikuwa na harufu yake. Njano aliitia maganda ya limau yaliyokaushwa na kusagwa. Kijani, mnanaa. Kahawia, mdalasini. Nyekundu, karafuu. "Na bluu?" nilimuuliza. Alikuna kichwa siku tatu, mwishowe akaiacha bila harufu yoyote. Mimi sikuelewa. Kasuku alielewa palepale: "Bluu ni ile iliyonyamaza."

Mwaka mzima mtoto yule hakukosea rangi hata moja. Akipewa chai ya mdalasini anasema leo tunakunywa kahawia. Akiambiwa shati la baba yake ni la kijani, anawatangazia watu kwamba baba amevaa mnanaa.

Sasa sikilizeni. Mkaguzi wa elimu alikuwa aje kumpima. Akifaulu, angeanza darasa la kwanza kwenye shule anakosoma kaka yake, mwendo wa dakika kumi. Akishindwa, angepelekwa shule ya bweni ya wasioona, safari ya siku nzima, mtoto wa miaka sita, wazazi awaone wakati wa likizo. Wiki hiyo fundi cherehani alinirudishia sare yangu ikiwa na mikono miwili ya kushoto, na sikuwa na moyo wa kumsema.

Kwenye fomu kulikuwa na kipengele cha kupanga rangi. Ndiyo, rangi, kwa mtoto asiyeona! Akili ya aliyetunga fomu ile sijui alimwachia nani. Lakini Dada hakutishika. "Atapanga," alisema. "Anazijua."

Mwalimu Mkuu alikuwa mgeni, ana miezi miwili tu pale, mtu wa mapazia na vyombo vya maua. Dada alimweleza kikaoni habari yote ya harufu, mimi nikiwepo, naye akaitikia "vizuri, vizuri" macho yakiwa kwenye simu. Basi jioni ya kuamkia ukaguzi, sisi tukiwa tumeshaondoka, akafungua makopo akaona yananuka jikoni. Jikoni! Akachukua marashi yake ya waridi, akayamimina, akakanda madonge yote matano, ili mgeni apokelewe na harufu nzuri. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu aliambiwa.

Asubuhi nilikuwa nafuta vioo vya darasa. Kasuku alihesabu hadi hamsini, akasimulia hadithi, akafunga vifungo vyake mwenyewe. Mkaguzi akawa anatabasamu. Yakaletwa madonge matano kwenye sahani, akaambiwa achague la njano. Akanusa la kwanza. Akanusa la pili. Akarudi kwa la kwanza, akakunja uso.

"Hili ni Mwalimu Mkuu," akasema.

"Na hili?"

"Na hili ni Mwalimu Mkuu."

Watu wazima wakacheka. Wakacheka! Mkaguzi akaandika: hajui rangi. Mori ulinipanda hadi kitambaa kikanidondoka.

Mtoto alishika ukuta mpaka jikoni, mimi nyuma yake. Akasimama mlangoni. "Mama Unga," akasema, "kumbe ulinidanganya. Hakuna njano." Halafu Kasuku wetu akanyamaza. Hakulia. Angelia ningevumilia.

Dada alimshika mkono, akanusa vidole vyake, akaelewa. Akateremsha sufuria ya chai, akabandika nyingine. "Mdogo wangu," akaniambia bila kunitazama, "yule bwana mkaguzi asitoke."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo wenyewe niliuona siku hiyo, ukipima unga.

Nami nilitumwa nikatumika. Nilijaza ndoo, nikatia sabuni, nikaimwaga yote kwenye korido, kuanzia mlango wa ofisi hadi mlango wa nje. Mkaguzi akatokeza na mkoba wake.

"Subiri kidogo baba, kunateleza."

"Nitapita pembeni."

"Pembeni ndiko kunakoteleza zaidi. Mwaka jana mtu alivunjika nyonga hapo." Uongo mtupu.

Mwalimu Mkuu akanikata jicho. "Wewe, nani anadeki saa nne asubuhi?"

"Mimi, Mwalimu. Leo nimeamka na bidii."

Nilideki kigae kimoja kimoja, dakika ishirini nzima, na kila kigae nilikisugua kama ndicho kilichomwaga marashi.

Dada akaja akikanyaga povu, sinia mkononi, mtoto ameshika aproni yake. Unga ulikuwa umemjaa hadi kwenye viwiko. "Baba," akamwambia mkaguzi, "naomba umpime tena. Yale ya mwanzo yalitiwa marashi. Haya nimeyapika sasa hivi."

"Mama, fomu nimeshaijaza. Kwa wino."

"Basi wino umeandika uongo."

Sijawahi kumsikia Dada akimjibu mtu hivyo, na sauti wala haikupanda. Alisimama katikati ya korido, hasogei. Mkaguzi akatazama maji, akamtazama mpishi, akaweka mkoba chini.

Kasuku aligusa donge la kwanza, akaurudisha mkono. Lilikuwa la moto, lakini si moto uliomkataza. Hakutaka kuchekwa tena. "Nusa, mama," Dada akambembeleza. Akanusa. Akanusa tena.

"Limau," akasema kwa sauti ndogo. "Njano." Na hakungoja kuulizwa: "Mdalasini, kahawia! Mnanaa, kijani! Hii karafuu, nyekundu, na hii imenyamaza, bluu!" Yote kwa pumzi moja. Mkaguzi akayachanganya mara mbili zaidi, kama vile tumefanya mazingaombwe, na mara zote mbili mtoto akayapata. Akakata mstari ule, akaandika juu yake, akatia sahihi. Atasoma na kaka yake.

Mwalimu Mkuu akamsogelea Dada. "Ilikuwa bahati mbaya tu. Nilitaka kupendeze."

"Usiniambie mimi," Dada akajibu. "Mwenye rangi zake huyo hapo."

Ikabidi apige magoti kwenye maji yangu ya sabuni, na sketi yake ya pasi. "Ni mimi niliyetia marashi," akasema.

"Najua," Kasuku akamjibu. "Zote zilikuwa wewe."

Dada alishamsamehe kabla hajainuka. Mimi bado. Mdomo nilichukua wote, na kinyongo nacho nilichukua chote.

Kisha mtoto akamvuta Dada aproni. "Mama Unga, kule kwa kaka, rangi anapika nani?"

Mkaguzi akainamia mkoba wake. Fomu ilikuwa na kurasa nne, na swali hilo halikuwamo.

Anapika Dada. Kila Jumapili makopo matano, na Jumatatu, kabla sijashika ufagio, mimi ndiye ninayeyapeleka. Siku ya kwanza nilimsimamia mwalimu wa kule mpaka akaweka simu mezani. Nikamfungulia kopo moja moja, nikamnusisha, nikamwambia: "Hii limau, hii mnanaa, hii mdalasini, hii karafuu, na hii usiiguse, imenyamaza. Ukitia marashi humu, nakuja na ndoo."