Muziki Waliomvika Severina

Filemoni Mgaya wa Mafinga alikuwa mtu wa kinyaa. Si kinyaa cha chakula, maana kiporo cha siku mbili angekila na kushukuru. Kinyaa chake kilikuwa cha sikio. Ukipiga wimbo nje ya mwendo wake, uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyekuta nzi kwenye togwa. Mchana alipasua mbao za misonobari kiwandani, jioni alifundisha kikundi cha matarumbeta cha usharika, na wapigaji wake watano walimwogopa kuliko walivyomwogopa mchungaji.

Alikuwa na sheria moja ambayo hata ungemhonga jogoo asingeivunja. Nyimbo za furaha zilisimama kwenye noti ya do, na zilipigwa kwa mwendo wa mtu anayewahi sokoni. Zile zilizokaa kwenye noti ya la, za huzuni, zilipigwa taratibu kwa hatua za wabeba jeneza, tena makaburini tu. Kijiji kizima kilishazoea. Wakisikia la ya polepole, wanawake hujifunga kanga viunoni na kuanza kulia, jina la marehemu watalijua mbele ya safari.

Mwaka 1974 wageni walikuja na kamera ya sinema, wakawapiga picha wanawake wakipura maharage ya shamba la ujamaa. Matarumbeta yaliwachangamsha, fimbo zikashuka zote kwa pigo moja. Mbele kabisa alikuwa Severina, mama yake Filemoni. Fimbo ya jirani yake Benedicta ilikatika, kipande kikamrukia mwenyekiti wa kijiji tumboni, na Severina akacheka mpaka akajishika mbavu. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu amzike mumewe miezi saba nyuma. Tangu siku hiyo alimsalimu kila mgeni mwenye gari na kumwuliza, "Kamwene baba, picha yangu haijafika?"

Ilifika Jumamosi moja, baada ya miaka miwili. Fundi wa sinema, Philbert, alitundika shuka jeupe darasani, madirisha yakazibwa kwa mablanketi. Severina alikaa benchi la mbele na kitenge kipya. Filemoni na wenzake wawili walikuwa wamepiga wimbo wa kumkaribisha fundi, matarumbeta bado wameyapakata.

Muziki wa sinema ulitangulia picha. Fidla nyingi, labda arobaini, zote zikivuta kwa pamoja. Filemoni alishika mshipa wa mkono wake akahesabu: kila pigo moja la wimbo, moyo ulipiga karibu mara mbili. Akaitafuta do, hakuiona. Wimbo ulikuwa umeketi kwenye la, na chini yake ngoma kubwa ilidunda kama udongo unapoangukia ubao.

Ndipo akatokea Severina. Lakini wageni walikuwa wameipunguza picha mwendo ili iendane na fidla zao. Fimbo zilielea juu, zikashuka kwa uchovu kana kwamba zimebebeshwa mawe. Na kile kicheko! Mdomo ulifunguka kidogo kidogo, macho yakajifumba, mkono ukaenda mbavuni. Mtu ambaye hakuwepo siku ile angeapa kwamba mama yule analia. Benedicta aliyekuwepo alijifunga kanga akaangua kilio, na wenzake wakampokea. Ilikuwa la ya polepole, nao ndivyo Filemoni alivyowazoeza.

Uso wa Filemoni ulikunjamana kuliko siku zote. Kumchukua mjane aliyecheka, kumvika sanda, kisha kumletea kwao ajitazame! Wageni wale wangekuwa karibu, angewatemea mate miguuni.

"Ndugu Philbert, zima hiyo sauti," alisema akisimama. "Halafu turudishie mwanzo."

"Ndugu, mimi nimetumwa kuonyesha, sijatumwa kukata."

"Usikate kitu. Zima sauti tu. Muziki tunao."

Philbert alizitazama nyuso zilizolowa, akasonya, akarudisha mkanda.

Watatu wale wakaupiga wimbo wenyewe wa siku ile, kwenye do, kwa kasi yake. Darasa likachangamka, Severina akaanza kutikisa bega. Lakini fimbo za kwenye shuka hazikufuata. Wimbo ulishadunda mara nne, fimbo bado ziko hewani. Filemoni akapunguza mwendo ili azifikie. Wapi! Akapunguza tena, na tena, jasho likimtoka, mpaka wimbo wa kupura maharage ukafikia hatua za wabeba jeneza, akajisikia yuko makaburini. Alilitoa tarumbeta mdomoni kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Wenzake nao wakanyamaza.

Picha ikaendelea bila sauti, mashine ikitatarika peke yake. Severina aliacha kutikisa bega. Alimkodolea macho mwanamke wa kwenye shuka, aliyekuwa akifungua mdomo taratibu na kujishika mbavu.

"Filemoni mwanangu," akauliza, "yule mama kafiwa na nani?"