Firigisi ya Tata Numbi

Tata Numbi alikuwa fundi wa viti pale Musonoi, huko Kongo. Miaka arobaini ya randa na misumari, na maneno machache. Mkewe Abigaëlle ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Alipofariki mwaka jana, nyumba ikanyamaza. Mwanawe alishinda mgodini wiki nzima. Fundi akabaki na Mignonne, mke wa mwanawe, na mjukuu wa miaka miwili, Darlène.

Darlène hakusumbua mtu. Asubuhi alikaa miguuni pa babu, akatulia hapo mpaka bukari, ugali wa mchana, iive. Hata mbuzi amruke, hapigi kelele. "Huyu mutoto amelelewa!" majirani walisifu. Babu akajivuna. Alidhani mtoto naye anamlilia bibi yake kimyakimya, kama yeye.

Siku ya kupima uzito wa watoto, muganga wa zahanati, Huguette, akamvuta Darlène ukope wa chini.

"Tata, kuja uone. Hapa ndani panapaswa kuwa pekundu. Pake peupe kama unga ya muhogo."

"Lakini eko mupole, mama."

"Si upole. Ni kuchoka. Damu yake kidogo."

Tata Numbi akamvuta mtoto kifuani. Alimzika mmoja, huyu naye? "Nani ametuloga?"

Huguette akacheka. "Basi huyo mulozi eko na kazi mingi! Mu batoto kumi ba Kongo, sita beko na hii ugonjwa. Vuka Dilolo uingie Angola, ni vile vile. Hata Ulaya iko, lakini kule ni mumoja ao babili. Njo kusema inatibiwa, tata."

Akampa dawa ya minyoo na sirop ya madini ya chuma.

"Chuma? Kama misumari?"

"Misumari ubaki nayo. Mupe maini, firigisi, bishimu, lengalenga."

Hapo ndipo pagumu. Katika nyumba ile, kuku akichinjwa, maini na firigisi ni vya mzee wa nyumba. Abigaëlle aliviweka juu ya bukari yake miaka yote. Yeye aliyesema sana, hilo alilifanya bila neno. Mignonne alishika desturi hiyo hiyo.

Jumapili kuku akaiva. Mignonne akaweka maini na firigisi mbele ya Tata Numbi. Mzee akatoa kisu, akavikata vidogo vidogo, akamsogezea Darlène.

"Tata, hapana!" Mignonne akaruka. "Bantu batasema mi nakunyima! Dada zako bakisikia, batanirudisha kwetu Kasaji!"

"Bakuje. Nitabaambia ni mi nimetoa."

"Na weye utakula nini?"

"Miguu. Huyu kuku alitembea sana, miguu yake iko na habari."

Kipande cha kwanza mtoto akakitema. Cha pili akakiweka mdomoni kama mtu anayefikiri. Cha tatu akakimeza.

Ikawa hivyo kila penye kuku. Siku nyingine ni bishimu, wale viwavi wakavu wa porini, wakatwangwa na kuchanganywa na lengalenga, mchicha wa kwao. Chai wakati wa chakula ikakatazwa, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Kila asubuhi babu alivuta ukope, akaangalia, akarudi kwenye randa yake.

Mwezi wa tatu wa dawa, alikuwa akipaka gundi mguu wa kiti, akasikia kishindo uani. Darlène alikuwa amemkimbiza bata wa jirani, akatumbukia katika beseni la nguo. Analia na kucheka kwa pamoja, sabuni mpaka masikioni.

"Tata, angalia mutoto wako!" Mignonne akapiga kelele. "Hana adabu!"

"Rudilia."

"Nasema hana adabu, hata kidogo!"

Tata Numbi akacheka mpaka akakalia kiti chenye gundi mbichi. Akamnyanyua mjukuu, akavuta ukope. Ndani pekundu, pekundu vizuri. Akatoka naye vile vile, maji yakidondoka barabara nzima, kwenda kumwonyesha Huguette.

Njiani Darlène akajipinda, anataka kushuka. Akamweka chini. Mtoto akachomoka mbio, na fundi mzee nyuma yake, akiita jina lake kwa nguvu hata watu wakatoka milangoni kuuliza ni nani huyo anayepiga kelele.