Kitufe Kilichochelewa

Rehana wa Mikindani aliandika programu ya kujaribu tovuti, inayofungua kurasa na kubonyeza vitufe yenyewe. Jaribio lilikuwa likifeli, na lisipofaulu kabla ya magharibi, kazi angepewa mwingine. Aliiagiza isubiri sekunde tano, kisha kumi. Mtandao ukisuasua, ilibonyeza kitufe ambacho hakijatokea.

Akatoka kwa hasira hadi uani, ambako korosho zilikuwa zikichomwa na maganda yake, akahesabu kidogo, akaanza kuziopoa kikaangoni.

"Wifi, hazijashika moto!" Zulfa, mke wa kaka yake, alicheka. "Unahesabu nini? Tazama maganda, yakiwaka ndipo uopoe."

Rehana akarudi ndani mbio. Akafuta sekunde zote, akaiagiza programu itazame kitufe, ikikiona ndipo ibonyeze. Ukurasa ukajikokota. Akauma kucha. Kitufe kikatokea, kikabonyezwa.

"Limefaulu!"

"Njoo basi," Zulfa akaita, "korosho nazimaliza!"