Mgongo wa Tusekile na Mkeka wa Msibani

"Bibi yako anakanda migongo bure, nani atakufuata wewe?" Ndivyo walivyonicheka Msasani ya kwetu Rungwe niliporudi kutoka Dar es Salaam na diploma yangu ya fiziotherapia, ile tiba ya viungo kwa mazoezi. Masomo nilijilipia kwa kubeba matofali, na darasani wachache walinipita. Asubuhi ya kwanza kazini foleni yangu ilifika nje ya mlango.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, alinionya siku ileile: "Kijana, uliza na usingizi. Mgongo ukiuma miaka, humchosha mtu mpaka moyoni." Niliitikia tu. Nilijiona najua.

Aliyenifundisha ni Tusekile, mchuma chai wa Ikuti. Kikapu cha mgongoni kilikuwa kimemharibu kiuno. Nikampa mazoezi, nikamkataza kuketi chini. Miezi ikapita, akarudi amekonda, macho yamezama.

"Ndaga, tata," alinisalimu kwa Kinyakyusa. "Mazoezi nafanya."

"Na usingizi?"

"Sina. Chakula nacho sikitaki." Akakaza kanga kiunoni. "Ulinikataza kuketi chini, basi misibani siendi. Kwetu mwanamke anaketi mkekani na wenzake mpaka matanga yaanuliwe. Wanasema najivuna. Nikifa, nani atakuja kuketi kwangu? Na heri nife."

Katazo langu ndilo lililomtenga na watu. Sikumwacha aondoke peke yake; nilimpeleka mwenyewe kwa muuguzi wa afya ya akili, akaanza matibabu ya sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Kisha nikapanda Ikuti kwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwake.

"Mruhusuni aje na kigoda," nilimwomba.

"Kigoda msibani? Kama chifu?" Akacheka.

"Kama mgonjwa wangu, mama."

"Haya, mtaalamu. Lakini ndizi atamenya!"

Baadaye jirani yake alifiwa, nami nikaenda. Tusekile alikuwa juu ya kigoda, kisu mkononi, akibishana na wenzake kuhusu chumvi. "Mtaalamu, sogea, unanizibia mwanga!" Pembeni yake walikuwapo wazee wawili wa kike, nao kwenye vigoda vyao. Miaka yote walikuwa wakiumia mkekani kimya kimya.

Sasa nimestaafu. Nasema bila aibu, Rungwe hii sijaona aliyenyoosha migongo mingi kunizidi. Lakini ninyi mnaoanza, mkimkataza mgonjwa jambo, kwanza muulizeni alikuwa akilifanya na nani.